Mama Vitufe na Kibodi ya Mkono wa Kushoto

Ndugu, majirani, nanyi makeshia mliokuja na sare zenu, asanteni kwa kutusaidia kumsindikiza mama yetu.

Mama alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa fundi saa na mshona sare. Shule ya msingi ilikuwa hatua mia mbili kutoka nyumbani, na bado alichelewa karibu kila siku. Alimaliza sekondari mwaka 1976, akasomea kupiga chapa. Mwalimu wake alimwambia, “Binti, vidole vyako vinatangulia akili.” Akajibu, “Basi mwalimu, akili itavikuta mbele.”

Juni 1979 aliajiriwa kuwa keshia wa supamaketi. Huko alikutana na baba, dereva wa gari la mikate, wakafunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984.

Mwaka 1994 zililetwa kibodi mpya ambazo kila kitufe unakipangia kazi yake: hiki mkate, hiki maziwa, kile kufuta kosa. Wenzake walizikwepa. Mama alileta kitabu cha maelekezo nyumbani, akakisoma jikoni, chakula kikaungua siku nne mfululizo. Baba alikila hivyo hivyo. Mwaka uliofuata kila tawi lilimwita kupanga vitufe, na jina la Mama Vitufe likamganda.

Oktoba 2003, dada mmoja keshia alirudi kazini baada ya ajali, mkono wa kulia hauna nguvu. Meneja akataka kumwachisha kazi. “Namhurumia,” alisema, “lakini foleni haina huruma.”

“Nipe wiki moja, bosi,” mama alimwambia. “Ikishindikana, utuondoe mimi na yeye.”

Sisi watoto tulikuwa bado shule. Baba aliposikia, aliketi chini.

Mama alihamishia vitufe vyote muhimu upande wa kushoto. Siku ya kwanza nyanya zilisomeka sabuni, wateja wakanung’unika, na yule keshia akalia: “Dada, niache niende nyumbani.”

“Utatoka saa kumi na moja kama wengine. Nionyeshe kidole kinachochoka.”

Kilikuwa kidole cha mwisho. Mama akakipunguzia kazi, akakipa kidole gumba kitufe cha kufuta kosa. Alikaa pembeni yake siku tano, akihamisha hiki, akirudisha kile. Jumamosi, foleni iliyokwenda haraka kuliko zote ilikuwa ya dada huyo. Meneja alisogea akaanza kuwafungia wateja wake mizigo. Leo dada huyo ni mkuu wa makeshia, na ameketi hapa mstari wa mbele.

Ugonjwa wa moyo uligundulika Februari 2022. Hata wodini mama alimuuliza muuguzi, “Mwanangu, kengele mmeiweka huko ili nani aifikie?” Wiki iliyofuata kengele zote zilisogezwa karibu na vitanda. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa mbili asubuhi, baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, mdogo wake wa kike na wajukuu saba. Mjukuu mkubwa alianza masomo ya ufundi wa kompyuta mwezi uliopita. Mama aliwahi kumwona akivaa kitambulisho cha chuo, akamnyoosha kola kwa mkono wake mwenyewe.

Pumzika kwa amani, mama. Umetuacha tukiwa tumesimama kwa miguu yetu wenyewe.