Machenza ya Kushukuru Kimya

"Mama Dajeong, mbona siku hizi sisikii piano?" jirani wa ghorofa ya chini alimuuliza mwenzake ndani ya basi, pale Daegu, Korea, akimpakatisha mfuko wa machenza. "Chukua, shoga. Asante kwa kimya. Dari yangu ilikuwa ngoma!"

Kwenye kiti cha nyuma, mjane Okbun aliacha kusali rozari.

"Bado Dajeong anasoma muziki, dada," mama alijibu. " Hata wenzake wa sekondari hawajafika alipofika. Anapanga sauti nne za wimbo kwenye karatasi."

"Bila kupiga? Atajuaje kama ni tamu?"

"Masikio yake yamekufa tangu alipougua homa kali. Ananiandikia, 'Mama, imekaaje?' Nami sijui noti. Naitikia tu kwa kichwa."

Okbun akamwombea binti yule.

Basi liliposimama, mama alirudisha machenza mapajani mwa jirani, akashuka.