Lengo la Nyanda

Basi lilipoondoka Nyantakara, Generoza alimsikia mama mmoja wa kiti cha mbele yake akimwamkia mzee aliyekaa naye. "Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mama yake Nyanda, wa darasa la saba."

"Marahaba! Nyanda aliyeandika lengo lake ni udaktari! Nikalifuta, nikamwandikia ukulima. Siasa ya kujitegemea ilitaka hivyo."

"Alikutii. Hata mtihani hakuhangaika nao, akabaki kulima pamba. Vita ya Uganda ilipokuja, jeshi likachukua vijana waliokuwa mashambani."

"Amesharudi?"

Mama akageukia dirishani. Generoza aliacha kumenya karanga. Swali lile hata yeye, mpenda umbea, asingeliuliza.

Basi likasimama Biharamulo. Mama akashuka. Mwalimu akabaki kitini.

"Neno lile udaktari," akageuka nyuma kumwambia Generoza, "aliliandika kwa mwandiko mzuri sana."