Unasikia Uchungu, ama Unanisikia Mimi? Maisha ya Mwalimu Bathsheba Bonareri

Mchungaji, mheshimiwa chifu, wazee wetu, majirani wa Suna na wageni mliotoka Homa Bay na Kendu Bay, mimi ni Mosoti Onchiri, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome haya kwa sababu wanasema sauti yangu hufika mbali, ingawa dada yangu alisema inafika mbali kuliko akili yangu.

Bathsheba Bonareri alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966 mjini Kendu Bay, mtoto wa tatu wa Mzee Onchiri na Mama Nyanchama, ambao walishuka kutoka Kisii wakiuza ndizi, wakapenda upepo wa ziwa na watu wake, wakabaki, ndiyo maana sisi watoto tulijifunza Kidholuo sokoni kabla hatujakimaliza Kikisii nyumbani.

Alisoma shule ya msingi hapo Kendu Bay kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, kisha akaenda shule ya upili ya wasichana upande wa Rongo, akamaliza kidato cha sita mwaka 1985, na mwaka uliofuata akaingia chuo kikuu Nairobi kusomea sayansi ya viumbe. Shahada yake ya pili, aliyoipata mwaka 1993, ilihusu jinsi mafuta ya mimea yanavyozuia habari kupita kwenye neva, na kwa kuwa neva alizozitumia zilikuwa za mguu wa chura, habari iliyofika nyumbani ni kwamba binti wa Onchiri amepelekwa Nairobi kuchinja vyura kwa pesa za ndizi, na mama yetu alikataa kwenda sokoni wiki nzima.

Alipokuja likizo alitueleza, akichora kwa kijiti kwenye mchanga, kwamba neva ni uzi hai unaobeba habari, ukiugusa kwa umeme kidogo upande huu, habari inaonekana upande wa pili, lakini ukidondosha mafuta ya karafuu habari inadhoofika, inachelewa, mwisho haifiki kabisa. Mama akamuuliza kama huo uzi basi umekufa. Bathsheba akasema hapana, ukiuosha vizuri kwa maji ya chumvi habari inarudi, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyemwona mgonjwa akiinuka, nami ninaukumbuka uso huo vizuri sana leo.

Mnamo Januari 1994 aliajiriwa kufundisha katika chuo cha utabibu Homa Bay, akafundisha huko hadi mwisho wa mwaka 2015, na wengi wenu mlioletwa duniani au kushonwa vidonda katika kaunti hizi mbili, Homa Bay na Migori, mlishikwa na mikono aliyoifundisha yeye. Siku moja ya kung'oa meno bure kule Kendu Bay alimpaka mzee mmoja mafuta ya karafuu kwenye ufizi kabla ya sindano, akamgusa kwa kijiti na kumuuliza, unasikia, mzee akajibu kwa adabu kuwa anasikia, akampaka tena, akauliza tena, mzee akasikia tena, mpaka ulimi, midomo na kidevu vyote vikafa ganzi na mzee akaanza kutokwa na mate kama mtoto, ndipo ikagundulika kwamba muda wote huo alikuwa akimjulisha mwalimu kuwa masikio yake ni mazima. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wake alifundishwa kuuliza kwa ukamilifu, unasikia uchungu, ama unanisikia mimi?

Jumapili tarehe 17 Desemba 1995 alifunga ndoa na shemeji yetu Machuki, bwana shamba, katika kanisa letu la Waadventista, na Mungu akawajalia Joyline mwaka 1997, ambaye sasa ni muuguzi, na Osoro mwaka 2000, ambaye ni fundi wa umeme, na mama yao alipenda kusema kuwa wote watatu kazi yao ni moja, kuangalia kama habari inapita.

Mwaka 2016 alihamia hapa Suna kwenye shamba la mumewe, akaanza kukamua mafuta ya mkaratusi, mrehani na karafuu kwa mvuke, kwa sufuria kubwa na bomba la shaba, na wachimba dhahabu wa Masara na Osiri wakayapenda kwa kuchua mikono. Halafu, mwaka 2022, wachimbaji kadhaa mikono ikaanza kutetemeka na kufa ganzi, mtu hushika kikombe hajui kama amekishika, na neno likatembea haraka kuliko pikipiki kwamba mafuta ya Bathsheba yanaua kusikia. Ndugu yetu Ryoba, mchimbaji, ambaye yupo hapa na amenipa ruhusa kumtaja, ndiye aliyesimama kwenye baraza la chifu akaonyesha mikono yake.

Mimi nilikwenda tayari kugombana, lakini dada yangu alinishika koti nikae, akawaambia watu kwamba anayajua mafuta hayo kwenye neva ya chura kwa saa moja, hayajui kwenye mkono wa mtu kwa miaka, kwa hiyo anafunga sufuria mpaka ijulikane. Akafunga kweli, na kila jioni akajipaka mwenyewe mkono wa kushoto, akauosha, akajichoma kwa kijiti, na kila mara mkono ulirudi, lakini alikataa kuuita huo ushahidi, kwa sababu mkono mmoja wa mwenye duka si shahidi.

Tarehe 14 Machi 2023 madaktari walimwambia kuwa ana saratani ya uboho, ile inayokula mifupa kutoka ndani, na hapo ndipo tulipojua hofu yake ilikuwa nini. Kifo hakukililia. Alimlilia yule mtu aliyekuja kununua nafuu akarudi nyumbani bila mikono, na aliogopa kuondoka kabla ya kujua kama ni yeye aliyemfanyia hivyo.

Aliyetufungulia njia ni mama Dolphine, anayeosha dhahabu Osiri. Alifika kumjulia hali akashindwa kushika kijiko cha uji, na Bathsheba, akiwa kitandani, akamuuliza amepaka mafuta hayo muda gani. Dolphine akajibu, "Mimi hiyo mafuta sijawahi paka, Mwalimu, harufu yake inanikumbusha daktari wa meno. Kazi yangu ni kukanda zebaki na mkono tu, ishike dhahabu." Siku hiyohiyo dada yangu alimpigia simu daktari aliyekuwa mwanafunzi wake, wachimbaji na waosha dhahabu wakapimwa mkojo, waliopaka na wasiopaka, na tarehe 22 Mei 2024 majibu yakasomwa barazani, kwamba zebaki, ambayo ni sumu ya neva, ilikuwa imejaa miilini mwao, na waliougua zaidi ni wale walioishika zaidi, mafuta yawepo yasiwepo.

Ryoba alikuja hapa nyumbani na jogoo, akasema, "Mama, nilikuchafulia jina. Mafuta yako ilikuwa inaninyamazishia uchungu tu." Dada yangu akalia kwa nafuu, nasi tukalia naye, kisha akajifuta akamwambia kuwa hata huko kunyamazisha kuna lawama, kwa sababu mkono ulikuwa ukipiga kelele na mafuta yake yakauziba mdomo. Sufuria ilipofunguliwa tena, kila chupa ilitoka na maandishi makubwa, kwamba hii ni ganzi, haitibu, uchungu ukirudi nenda hospitali. Ryoba aliacha zebaki, na leo amebeba viti hapa kwa mikono yake miwili, ingawa vidole viwili bado ni vizito kuamka.

Maumivu ya mwisho yalikuwa makali, karafuu haikuyafikia, ila morfini iliyafikia, na kwa hilo familia imepumua. Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa tisa alasiri, Joyline alimwinamia mama yake akamuuliza lile swali kwa ukamilifu, jinsi alivyofundishwa. Bathsheba akasema, "Nakusikia wewe tu." Kisha akatutoka akiwa ametulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Migori na Homa Bay, walimu wenzake, wanafunzi wake waliokuja wakiwa bado na nguo za kazi, waumini wa makanisa yote, majirani waliotuchotea maji, na mama Dolphine, aliyechukia harufu ya karafuu na kwa chuki hiyo akalisafisha jina la dada yangu.

Bathsheba, habari ilifika, na jibu ulilisikia kwa masikio yako kabla hujaondoka. Pumzika sasa kwa amani, dada, kusikia tuachie sisi.