Waya wa Tatu

KAKA: Haloo? Ni nani huyo? Paza sauti, nachomelea dirisha hapa!

DAKTARI: Shikamoo kaka. Ni mimi, mdogo wako.

KAKA: Marahaba. Mbona namba ngeni? Na sauti kama umezibwa—

DAKTARI: Barakoa. Sista amenishikia simu yake sikioni, mikono nimeshanawa. Kaka, unajua nani yuko mezani kwangu, chumba cha pili?

KAKA: Nitajuaje?

DAKTARI: Ba'mdogo.

(Mtandao unakwaruza.)

KAKA: Yule aliyetutupia godoro mvuani, udongo wa kaburi la baba haujakauka?

DAKTARI: Tuna mwingine?

KAKA: Aliyemfungia mama mlango na homa yake, mpaka akafia barazani kwa watu?

DAKTARI: Huyo huyo. Moyo umechoka, miguu imejaa maji. Kuvaa viatu tu anahema.

KAKA: Safi! Mwache aheme.

DAKTARI: Nimeletewa mimi nimwekee betri ya moyo.

KAKA: Wewe? Amekujua?

DAKTARI: Wapi! Kaniita "mwanangu". Mwanangu, kaka! Nusura nimtemee mate.

KAKA: Ngoja, ngoja. Unakatika-katika... Hiyo betri ikikaa vibaya je?

DAKTARI: Betri si tatizo. Ina nyaya tatu. Mbili rahisi. Wa tatu ndio mtihani, unapita kwenye kamshipa kembamba kwenda kushoto. Ukikaa panapotakiwa, pande zote za moyo zinasukuma pamoja, mtu anapata nafuu. Ukikaa pabaya unashtua msuli wa kupumulia. Tumbo linaruka kila moyo ukipiga.

KAKA: Mchana na usiku?

DAKTARI: Mchana na usiku.

KAKA: Basi weka hapo hapo! Aruke kama chura! Nani atajua?

DAKTARI: Kaka—

KAKA: Nani atajua, nakuuliza!

DAKTARI: Nimewaza hilo hilo tangu asubuhi, Mungu anisamehe. Sitaki.

KAKA: Umemhurumia. Mama yako yuko chini, wewe unamhurumia—

DAKTARI: Huruma ya wapi! Akifa leo ametuponyoka, huoni? Nataka moyo wake upige barabara. Nataka apate nguvu za kutembea mpaka kaburini kwa mama, kwa miguu yake, mimi na wewe tumesimama pale tunamwangalia.

(Mashine ya kuchomelea inazimwa.)

KAKA: Dada, wewe ni mbaya kuliko mimi.

DAKTARI: Na kazi hii hatumlazi mtu usingizi. Ganzi ni ya bega tu. Anasikia kila neno, na haruhusiwi kujitikisa.

KAKA: Unataka kusema—

DAKTARI: Nataka kusema naingia sasa hivi, na sista ataweka simu spika. Usimtukane. Ukimtukana tu nakata.

KAKA: Sasa nimwambie nini? Haloo? We! Nimwambie nini?

DAKTARI: Msalimie. Fanya haraka, salio la watu linaisha. Haya, anakusikia.

(Mlio wa mashine ya moyo. Pole pole.)

KAKA: Shikamoo, Ba'mdogo.

BA'MDOGO: Marahaba, marahaba... Samahani, sauti sijaitambua.

KAKA: Mtoto wa marehemu kaka yako. Yule mkubwa.

(Mlio unaongeza kasi.)

BA'MDOGO: Daktari... mwanangu... hii simu umeitoa wapi? Wewe ni mtoto wa nani?

DAKTARI: Tulia, Ba'mdogo, usijitikise. Ndiyo kwanza naingiza waya.

(Salio linaisha.)