Bi Rolande Sirois na Pampu Niliyoivika Matawi

Mimi Adelard Plourde nina miaka themanini na minne. Nimeona mwisho wa maboila matatu, malori manne ya mafuta, mameneja watano wa kampuni yetu ya mafuta na daktari aliyenikataza siagi. Kwa hiyo walipotafuta mtu wa kuandika habari za Bi Rolande Sirois, anayestaafu Ijumaa tarehe 27 Juni baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, hawakuwa na mwingine wa kumwendea. Wapo wanaojua kuandika, lakini mwenye kuyajua mambo ni mimi. Shule niliiacha darasa la sita, msimu wa kuvuna viazi, na bado sijarudi. Mkiona sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe.

Rolande alikuja ofisini mwaka 1991 kupokea simu. Mimi nilikuwa dereva wa lori la mafuta ya kupashia nyumba joto, na nasema bila haya kwamba Bonde zima la Mto St. John halikuwa na dereva aliyeyajua matangi ya watu kama mimi. Siku yake ya kwanza nilimwambia kwamba simu zote zenye maana ni zangu. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa ameipanga upya njia yangu ya kupeleka mafuta, nikawa namaliza kazi saa nane mchana badala ya saa kumi na moja. Niliwaambia watu kwamba wazo lile lilikuwa langu. Nimewaambia hivyo miaka yote hii. Leo, kwa kuwa anaondoka, nalirudisha kwa mwenyewe.

Maboila, yale majiko ya mafuta yanayopasha nyumba nzima joto, alijifunza kwa kusikiliza. Mtu akipiga simu kuwa nyumba imepoa, Rolande alimwambia aishushe simu hadi chumba cha chini, aiweke karibu na boila, naye hutega sikio kama daktari kisha hutaja kilichoharibika. Ninavyojua mimi alikosea mara moja tu. Boila lilikuwa zima. Aliyesikika akikoroma ni mume wa mwenye nyumba, kalala kwenye kochi.

Kisha zikaja pampu za joto, na kampuni yetu ikaanza kuzifunga. Ni sanduku lenye feni linalokaa nje ya nyumba, linachota joto kwenye hewa ya nje na kulipeleka ndani, kwenye kisanduku cha ukutani. Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri, wanachota joto gani? Hilo swali nililiuliza mkahawani, nikaliuliza mlangoni mwa kanisa na kwenye foleni ya benki, na kila mahali nililijibu mwenyewe.

Rolande hakubishana nami. Alikwenda mafunzoni akiwa na miaka hamsini na saba, akarudi akakabidhiwa kazi ya ruzuku. Jimbo humrudishia mwenye nyumba sehemu ya gharama ya pampu, na mwenye kipato kidogo hurudishiwa zaidi, ila fomu zake zina kurasa nyingi kuliko katekisimu. Rolande alizijaza pamoja na watu jikoni kwao, akila ploye zao, zile chapati laini za kwetu, za moto na siagi, wala hakuinuka mpaka sahihi imewekwa. Nyumba mia mbili na kumi na sita zimepata pampu kwa mkono wake.

Ya mia moja na tatu ilikuwa yangu. Nilikubali kwa sababu moja tu: nilitaka kuthibitisha kwamba haifanyi kazi.

Walinifungia pampu Oktoba. Sasa, kwetu hapa mtu mwenye akili huuzungushia msingi wa nyumba yake matawi ya msonobari kabla ya theluji, baridi isipenye kwa chini. Baba alifanya hivyo, na babu kabla yake. Nikalitazama lile sanduku limesimama nje peke yake, feni inazunguka kwenye upepo, nikalionea huruma. Nikalizungushia matawi pande zote, nikalivika turubai, nikakaza kwa kamba. Ilikuwa kazi safi. Katikati ya Novemba pampu ikajaa barafu, ikatoa mlio kama ng'ombe mgonjwa, ikazima. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Sikumpigia simu Rolande. Niliwasha boila, nikavaa koti, nikaenda mkahawani kutangaza.

Hapo mkahawani alikuwapo Exilda Daigle, jirani yangu, mjane. Boila lake lilikuwa limechoka na mafuta yalimshinda, kwa hiyo misimu miwili ya baridi alikuwa amefunga vyumba vyote na kulala jikoni, kando ya oveni iliyoachwa wazi. Rolande alikuwa amemjazia fomu, imebaki sahihi. Mwaka ule mji ulikuwa umetenga nyongeza kwa wazee wa hali yake, kiasi kwamba asingelipa kitu, lakini mwisho wa kusaini ulikuwa Ijumaa ya tarehe mosi Desemba, na nyongeza ile isingerudi tena.

"Adelard, yako imekufa kweli?" akaniuliza.

"Imekufa, dada. Hata feni haigeuki."

"Basi mimi nabaki na oveni yangu. Yenyewe angalau tumezoeana."

Akaenda nyumbani akaichana fomu. Wengine sita wakajitoa pia. Siku hiyo nilijiona mtu mkubwa sana.

Habari zikamfikia Rolande. Jumanne, siku tatu kabla ya mwisho, akaja kwangu, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya kazi yangu safi.

"Mzee Plourde, hiki ni nini?"

"Matawi. Nimeikinga na baridi."

"Umeikinga na hewa. Hii inaishi kwa hewa. Umemziba mtu pua, halafu unamlaumu hapumui."

"Nyumba yangu naizungushia hivi tangu wewe hujazaliwa."

"Nyumba haina feni, mzee. Shika upande huo, tutoe."

Tukatoa. Akaiwasha, akaisubiri iyeyushe barafu yake. Tulikuwa ndani tukinywa kahawa joto liliponijia usoni, joto lenyewe, lililotoka kwenye baridi ile ile niliyoitukana. Nikajimiminia kikombe cha pili bila kumtazama.

"Sikia," nikamwambia, "watu tutawaambia kulikuwa na kifaa kibovu."

"Kifaa kibovu kipo," akasema. "Kimevaa kofia nyekundu na kinakunywa kahawa ya pili."

"Basi waambie wewe. Wewe wanakuheshimu."

"Exilda ameshakusikia wewe. Mimi nikienda, ataona nauza. Una kesho na keshokutwa."

Usiku ule nilitafuta njia ya kuugua, mwili ukakataa. Asubuhi nikavuka barabara. Nilimkuta Exilda amevaa koti ndani ya nyumba, mablanketi yamekunjwa kwenye kiti, mlango wa oveni wazi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nilipoyaona yale mablanketi, hotuba ikanipotea.

"Pampu haikufa," nikasema. "Niliiua mimi. Niliivika matawi."

"Matawi ya msonobari?"

"Na turubai."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akanitazama muda mrefu, na ule mtazamo ndio uliouma. "Nionyeshe," akasema. Akaja kwangu, akakaa sebuleni chini ya kile kisanduku cha ukutani, koti lake mwilini. Baada ya nusu saa akalivua. Nikampigia simu Rolande, akaja na fomu mpya iliyokuwa tayari kwenye mkoba, Exilda akasaini.

Mkahawani nilisimama nikasema tena, safari hii kwa sauti ile ile niliyotumia kudanganya, maana sina nyingine. Kila Krismasi kuna mtu huniachia tawi la msonobari mlangoni. Kati ya wale sita, watano walirudi na kusaini kabla ya Ijumaa. Wa sita ni ndugu yangu, na ukaidi wa ukoo wetu hauna ruzuku.

Kwenye ripoti ya ofisi Rolande aliandika maneno machache kunihusu: "Hewa ilizuiwa. Imerekebishwa." Hakuandika na nani. Msimu uliopita lori la mafuta lilikuja kwangu mara moja, na zamani lilikuja mara nne. Boila nimelibakiza kwa zile siku za baridi kali kabisa, kama Rolande anavyomshauri kila mtu, nami sasa nawashauri watu vivyo hivyo kana kwamba nilizaliwa nikijua.

Bi Rolande, kwa niaba ya kampuni na ya kila aliyewahi kukupigia simu akitetemeka, tunakushukuru. Nenda na mumeo kwenye kibanda chenu cha ziwani, mkavue samaki, na simu ikiita iacheni iite. Mungu akujalie afya na miaka mingi ya kupumzika, umeifanyia kazi.

Asiyeamini niliyoandika asiniulize mimi, kwa kuwa huwa naongeza. Amwulize Exilda Daigle, nyumba ya bluu mkabala na yangu. Ila agonge kwa nguvu: siku hizi hulala ghorofani, chumbani kwake, na huchelewa kuamka.