Mwalimu Kwa-Kifupi, Aliyefundisha Watoto Kutafuta Wazo Kuu

Marehemu aliacha agizo moja, nalo litatiiwa: asisimame mtu hapa akamsifu kwa ujasiri. "Mimi mwoga," alisema, "msije mkanisingizia nikiwa siwezi kujibu." Basi na ijulikane. Marehemu aliogopa radi, mbwa, lifti na wakaguzi wa shule, na yote hayo aliyakiri mchana kweupe.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya watano wa baba fundi cherehani na mama mkunga. Alianza shule ya msingi mwaka 1964. Kusoma alisoma vizuri, lakini darasa la nne somo la ufahamu lilimkaba koo. Aliweza kuisimulia habari nzima bila kuacha nukta; akiulizwa inahusu nini, machozi yalimtangulia. Akarudia darasa. Aliyemwokoa ni bibi mzaa baba, mgumu wa kusikia na mwepesi wa kuchoka. Kila jioni mjukuu alimsomea gazeti, kisha akampigia kelele sikioni kumweleza limesema nini, na bibi alikuwa na subira ya sentensi moja tu. "Nipe nyama, mjukuu wangu," alimwambia, "mchuzi baki nao."

Alihitimu chuo cha ualimu Desemba 1978. Januari iliyofuata akapewa darasa la nne, na hapo akakaa miaka thelathini na minane. Alikuwa na njia yake. Mtoto mmoja alisoma aya dirishani, mwenzake akasimama ng'ambo ya uwanja, penye mabomba ya maji. Msomaji alipewa pumzi moja tu ya kumpigia mwenzake kelele. "Kwa kifupi, inahusu nini?" ndilo swali, na ndilo jina lililomganda. Walimu wa madarasa ya jirani waliumwa masikio, maskini, wakalalamika hadi wakazoea.

Mwaka 1991 mkaguzi aliingia bila hodi. Chaki ilimkatikia mwalimu mkononi mara tatu. Habari ya siku hiyo ilikuwa ya mbuzi aliyetumbukia kisimani, wanakijiji wote wakashirikiana kumtoa. Mtoto akavuta pumzi: "Kisima hakina mfuniko!" Mkaguzi akasema hapana, wazo kuu ni ushirikiano. Mwalimu akajibu, "Samahani mzee, muulize mbuzi." Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Mwalimu alikwenda ofisini akanywa maji glasi tatu.

Aliolewa tarehe 22 Agosti 1981 na karani wa posta, mwanamume wa maneno mengi kweli kweli. Barua ya uchumba ya karani huyo ilikuwa kurasa sita. Mwalimu aliirudisha ikiwa na mstari mwekundu chini ya sentensi moja, ukurasa wa tano, na pembeni ameandika "Ndiyo." Walijaliwa watoto watatu.

Julai 2020 mumewe alikuta gazeti limepigiwa mstari mwekundu kila sentensi, hadi matangazo ya viwanja. "Mama Watoto, gazeti zima?"

"Yote muhimu," alijibu, lakini hakumtazama usoni.

Kumbe alikuwa amelijua tatizo miezi minane, akalificha. Maneno aliyafahamu yote, moja moja. Akifika mwisho wa aya, hajui imesema nini. Hofu hii haikuwa ya radi, inayopita na mvua. Hii alikaa nayo mezani, akanywa nayo chai, akaamka nayo. Siku daktari alipoutaja ugonjwa wa kusahau, alimshika binti yake wa mwisho mkono pale kwenye ngazi za hospitali. "Majina nikisahau, poa tu," alisema. "Naogopa siku nitakayowatazama, nione sura, nione nguo, nione na vifungo, nisijue mnanihusu nini."

Siku hiyo ilifika, Februari 2024. Binti aliingia chumbani asubuhi na kikombe cha chai. Mama akavuta shuka hadi kidevuni. "Wewe nani?"

Binti naye akaingiwa na hofu, akamwaga maelezo: jina lake, kazi yake ya maabara, mwaka aliozaliwa, kovu la gotini. Kila neno lilizidi kumtisha mgonjwa. "Mengi! Mengi hayo!" alilia, akigeukia ukuta.

Binti akaweka kikombe chini. "Mimi ni wako," akasema.

Mama akageuka kutoka ukutani. Shuka ikateremka kidogo. "Haya, kaa basi," akasema, akamsogezea nafasi kitandani. Tangu hapo kila aliyeingia alifundishwa kusema hivyo, hata muuguzi.

Aliaga dunia Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa tisa alasiri, nyumbani kwake, mumewe akiwa katikati ya hadithi ndefu.

Ameacha mume, dada mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, na vizazi thelathini na vinane vya darasa la nne. Binti wa mwisho ndiye anayewasomea karatasi hii. Ameisoma mara nne tangu asubuhi, na mara ya tatu alifika mwisho wa aya moja asijue imesema nini. Labda ni usingizi, labda ni msiba. Anaogopa, na leo hana wa kumwambia ila ninyi. Mama haogopi tena. Apumzike kwa amani.