Mama Kona Anavua Glovu: Mwalimu wa Hesabu Aliyeujaza Ukumbi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha hesabu katika shule hii, mwalimu mwenzetu tunayemwita Mama Kona atastaafu rasmi. Kamati ya jarida imenipa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu meza zetu zimekaa ubavu kwa ubavu katika chumba cha walimu kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi zinavyodumu. Nimeambiwa niandike kwa heshima. Nitajitahidi, ila aliyetoa sharti hilo hajawahi kunywa chai karibu na gunia la glovu zilizolowa jasho la kidato cha pili.

Alifika hapa akiwa mwembamba, mwenye sauti iliyowafanya wapita njia wasimame wakidhani wameitwa. Jambo la kuchekesha ni kwamba mwalimu aliyekuja kuwafundisha watoto ngumi hakuwahi kumchapa mtoto hata mmoja. Ukifika darasani bila kumaliza zoezi, alivuta kiti, akaketi mbele yako na kukutazama kimya huku akinywa chai yake taratibu. Wengi waliomba afadhali wachapwe.

Ngumi ziliingia maishani mwake kwa njia ya ndoa. Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Bondia hata sasa kitambi kinapomtangulia mlangoni, alikuwa mpiganaji wa kulipwa enzi mchezo huo ulipokuwa na wenyewe. Watu walikuwa wanapanda hadi madirishani kumwona. Kisha wakaanza kupungua, mmoja mmoja, kama wageni wanaoondoka bila kuaga. Siku ya pambano lake la mwisho, ukumbi ulikuwa mtupu kiasi kwamba refa alipomhesabia mpinzani aliyeanguka, mwangwi ulimsaidia kuhesabu. Bondia alishinda. Angepigwa, labda ingemuuma kidogo kuliko kushinda bila wa kumshangilia. Alirudi nyumbani, akajifunza ufundi wa majokofu, na kwa miaka mingi hakukanyaga tena ukumbi ule, ambao nao uligeuzwa kuwa wa harusi.

Sisi wengine tulikuwa na maelezo yetu. Tulisema mpira wa miguu umemeza kila kitu, tukasema ngumi ni mchezo wa wahuni. Siku moja wakati wa chai, Mama Kona akaweka kikombe chini.

"Watu hawajauchoka mchezo," alisema. "Wamekosa mtu wa kumshangilia. Mpandishe ulingoni mtoto wa jirani yao, uone kama watabaki nyumbani. Tuanzie hapa shuleni."

Makamu mkuu wa shule, ambaye huongea kama anayesoma tangazo, alimjibu kuwa shule tayari ina tatizo la watoto kupigana. "Sasa wewe unataka wapigane vizuri?"

"Ndiyo," akasema Mama Kona. "Anayejua kupigana vizuri hapigani ovyo. Wewe ukijua kuimba, si utaacha kutupigia kelele kwenye sherehe?"

Chumba kizima kilicheka, na katika hali hiyo ya kuaibika Makamu akamkabidhi ufunguo wa stoo ya madawati mabovu. Klabu ilianzia humo. Kamba za ulingo zilikuwa za kuanikia nguo, na wanafunzi walitumia muhula mzima kuruka kamba na kupiga hewa, mpaka walimu wengine wakaipa klabu jina la Chama cha Wafukuza Nzi. Utani ulikwisha polepole. Watoto waliokuwa wakitoroka vipindi wakawa wa kwanza kufika, kwa kuwa sheria ya Mama Kona ilikuwa moja: hujafanya hesabu, hugusi glovu.

Kati yao alikuwepo msichana mdogo wa umbo, mkali wa macho, aliyeitwa Kifaranga. Mama yake ni msusi mwenye saluni karibu na kituo cha mabasi. Siku ya wazazi, klabu ilipojionyesha kwa mara ya kwanza, Kifaranga alipigwa konde la pua na damu ikamwagika kwenye fulana nyeupe. Kabla muuguzi wa shule hajafika, msusi alishakuwa ndani ya kamba, kiatu mkononi, akimtafuta mtu wa kumjibu. Aliyekuwa karibu zaidi ni Makamu. Tuliwaachanisha.

Kikao cha bodi kiliitishwa na klabu ikafungwa. Tulimngojea Mama Kona awake moto, maana tunamjua. Hakubisha hata neno. Alisema tu kwamba mzazi ana haki ya kuogopa, akatoka.

Nilimkuta stoo jioni hiyo amekaa juu ya dawati la miguu mitatu, akizikunja zile kamba za nguo. Nilikwenda na utani wangu tayari mdomoni, nikaumeza.

"Unajua ninachojiuliza?" aliniambia bila kuinua macho. "Labda nilikuwa namtafutia mume wangu watazamaji. Nikatumia watoto wa watu."

Nilishika ncha ya pili ya kamba nikamsaidia kukunja, na kwa wanaonifahamu, hilo ni tukio la kihistoria.

Jumamosi iliyofuata alifanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu angethubutu kulifanya. Alikwenda saluni kwa yule yule msusi, akaketi kwenye kiti na kuomba asukwe. Fikiria mwenyewe: kichwa chako kimo mikononi mwa mwanamke ambaye juzi alikuwa anakutafuta kwa kiatu. Yeye mwenyewe anasema mistari ya mwanzo ilikazwa hadi akawa haoni vizuri.

Walipofika katikati ya kichwa, msusi ndiye aliyeanza. "Mwanangu analia kila siku," alisema. "Halilii pua. Analilia klabu."

"Na wewe?"

"Mimi naogopa, mwalimu. Nina huyo mmoja tu."

"Basi usiogope ukiwa nyumbani. Njoo uogope pale pale, kwenye kona yake. Shika taulo. Siku ukiona moyo umekataa, litupe ulingoni, na pambano litakwisha. Sitakuuliza kwa nini."

Ndivyo klabu ilivyofunguliwa tena, kwa masharti yaliyoandikwa na akina mama wenyewe: kofia za kukinga kichwa kwa wote, wadogo wasipigane kichwani kabisa, muuguzi akae karibu na ulingo badala ya karibu na soda, na kila mtoto awe na mtu wake konani. Ndipo pia lilipozaliwa jina la Mama Kona, kwa sababu mtoto asiyekuwa na mtu alisimamiwa na yeye.

Siku ya ufunguzi, msusi aliomba avae glovu ajaribu, aone mwanawe anapenda nini. Makamu, kwa nia njema ya kuonyesha kuwa yamekwisha, akajitolea kumshikia pedi za kupigia. Mkono wa kulia wa msusi umefanya kazi ya kuvuta nywele za watu maisha yake yote. Makamu tulimwokota kati ya madawati. Mpaka leo anasisitiza kwamba aliteleza, na jarida hili linaheshimu msimamo wake.

Lakini jambo ambalo tutamkumbuka kwalo zaidi ni bonanza la ngumi aliloandaa kati yetu na shule jirani. Stoo haikutosha, hivyo akaenda kukodi ule ukumbi wa harusi. Mwenye ukumbi, mtu asiyeweza kumnyima yeyote kitu, alikuwa ameshawapa watu wa harusi siku ile ile. Tulipokuwa katikati ya mapambano, mlango ukafunguliwa na msafara wa bibi harusi ukaingia na tarumbeta. Wote tukaduwaa. Refa akabaki ameinua mkono kama anayesimamisha gari.

Mama Kona alimfuata bibi harusi na kumwambia, "Mwanangu, nipe nafasi nimalize hawa watoto, kisha tutakupangia viti sisi wenyewe." Bibi harusi akatupa jicho ulingoni. Mmoja wa wapiganaji alikuwa mtoto wa mtaani kwao. Hapo harusi ikasimama. Ndani ya raundi moja bibi harusi alikuwa juu ya kiti, ameshika gauni kwa mikono miwili, akipiga kelele: "Mguu! Tumia mguu!" Ikabidi shangazi yake aelezwe, naye amweleze, kwamba katika mchezo huu miguu ni ya kukimbilia tu.

Hao waliokuja na harusi, pamoja na wazazi, pamoja na wanafunzi, waliujaza ukumbi mpaka watu wakapanda madirishani. Na kwenye mlango wa jikoni, spana mkononi, alisimama Bondia. Watu wa harusi walikuwa wamemwita kutengeneza jokofu bila kujua wamemwita nani, na yeye alikuja kwa kupitia nyuma ili asiuone ukumbi. Hakulirudia jokofu. Kengele yetu ilipogoma, yeye ndiye aliyechukua sufuria na kuigonga kwa spana kutangaza raundi ya mwisho.

Raundi hiyo ilikuwa ya Kifaranga. Alipigana na msichana aliyemzidi kimo, msusi akiwa konani ameng'ata lile taulo. Hakulitupa. Kifaranga alishindwa kwa pointi chache, na ukumbi mzima ukasimama kumshangilia kana kwamba ameshinda dunia. Mama Kona hakuwa akitazama ulingoni wakati huo. Alikuwa akimtazama mumewe, ambaye alikuwa amekaa juu ya sufuria iliyogeuzwa, analia na kucheka bila kujificha. Soda za harusi, kwa taarifa, zilinywewa za moto.

Je, mchezo wa ngumi umefufuka? Redio bado inautaja kwa sentensi moja kabla ya hali ya hewa, na wapo wazazi ambao hawatakubali kamwe, nao wana sababu zao. Lakini shule zote za jirani sasa zina klabu, na siku ya mashindano ukichelewa unasimama. Makamu huiita "klabu yetu" mbele ya wageni. Kifaranga ni mwalimu wa michezo hapa hapa, na kuanzia mwezi ujao ndiye atakayeshika klabu. Mama yake amekataa kuachia kona.

Mama Kona, asante kwa watoto uliowasimamia walipokuwa hawana mtu, na kwa kutufundisha sisi watu wazima kushangilia anayeshindwa. Tunakutakia magoti yasiyolalamika, asubuhi zisizo na kengele, na mapumziko marefu pamoja na Bondia. Tungependa kuamini kwamba utapumzika. Ila wiki iliyopita mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu na kwako alipiga simu hapa, akauliza kwa upole kama tunamfahamu mwanamama mmoja mwenye sauti nene anayetaka kujua ufunguo wa stoo yao anao nani. Tulimshauri ampe tu.